Shuka la Kitanda Namba Tisa

Jumatano, tarehe 5 Machi

Kwa Mama wa Mashuka, wodi ya watoto wachanga,

Shikamoo mama. Jina lako silijui na langu hulijui, ndiyo maana juu ya bahasha nimeandika hivyo hivyo, nikamwambia mume wangu ampe mlinzi wa getini akutafute. Mume wangu ni dereva wa lori la unga. Anapita hospitali yenu Alhamisi akienda na Jumamosi akirudi. Ukitaka kunijibu, mwachie mlinzi.

Mimi ni yule wa kitanda namba tisa mwaka jana, kile cha dirishani. Nilikuwa na mtoto aliyezaliwa miezi haijatimia, mdogo mpaka manesi wakamwita Njiti, kama kijiti cha kibiriti. Nilikaa naye kifuani siku arobaini na moja. Sasa shika kiti, mama: Njiti ana meno manne na anasimama kwa kushika ndoo! Akianguka anaigombeza ndoo.

Lakini sikuandika kwa ajili ya meno. Mimi sikuwa mtu wa kanisa. Mama mkwe wangu ni wa kwaya, sauti ya kwanza, na tangu niolewe amenivuta kanisani mpaka mkono ukakaribia kung'oka. Nilikwenda, nikakaa, nikarudi. Hakikuingia kitu.

Kilichoingia kiliingia pale wodini. Kila asubuhi ulikuja na toroli lako la nguo chafu. Kwenye kila kitanda uliweka mkono juu ya chuma, ukafumba macho, midomo ikacheza bila sauti. Nesi akikusemesha, uliinua kidole kimoja naye akanyamaza. Ukimaliza, unakwenda kitanda kingine. Ila kwangu ulikawia. Siku nyingine ulimaliza ukaanza upya. Nikasema moyoni, huyu mama hajaniuliza hata hali, na anatuombea mimi na mwanangu mara mbili mbili! Basi na mimi nikawa nafumba macho pamoja na wewe. Ukiondoka nasema Amina. Imani yangu ilianzia hapo, mama. Si kwa mhubiri wala kwa kwaya.

Jumapili tarehe 23 nabatizwa. Kanisani kwetu kuna desturi: kabla ya kuingia majini unaeleza mbele ya watu ni nani aliyekuleta kwa Yesu, na huyo ndiye anayekupokea ukitoka, anakufunika shuka jeupe. Mama mkwe ameshapiga pasi lake, liko mezani tangu juzi limekunjwa pembe kwa pembe, maana hajui kwamba nimekuchagua wewe. Sijui nitamwambiaje, ila nitamwambia.

Njoo unipokee. Nakuomba sana.

Wako,
Mama Njiti


Ijumaa, tarehe 7 Machi

Mwanangu Mama Njiti,

Marahaba. Mlinzi aliingia chumba cha kufulia anapiga kelele, "Mama wa Mashuka, umepata mchumba mwenye lori!" Wenzangu wakacheka mpaka mashine zikasahauliwa. Nikaisoma barua yako nusu, nikakaa juu ya kapu la nguo chafu. Na mimi kazini huwa sikai.

Mwanangu, nilikuwa nahesabu mashuka.

Nimetafuta namna ya kulisema lisikuumize, sikuipata, kwa hiyo nimelisema. Kila kitanda kina mashuka mawili na foronya, na vile vitambaa vya watoto. Yanayotoka wodini lazima yalingane na yanayorudi, la sivyo msimamizi wetu ananisimamisha mlangoni kama mwizi. Mikononi nina glovu zilizolowa, kalamu haishikiki, basi hesabu naibeba kichwani. Mkono kwenye chuma ni ili nisihesabu kitanda kimoja mara mbili. Macho nafumba namba isinitoroke. Kidole kile ni kuwaambia manesi, jamani, ninyamazieni. Midomo yangu ilikuwa inasema kumi na saba, kumi na nane, kumi na tisa.

Kwako nilikawia kwa sababu lile dirisha lina mwanga mkali. Unanichanganya, napotea, naanza upya. Ni hivyo tu.

Kanisani sijakanyaga miaka kumi na moja. Ukinisimamisha mbele ya watu wa Mungu utakuwa umewaletea kichekesho. Mwite mama mkwe wako. Mtu aliyekuvuta mpaka mkono ukakaribia kung'oka amestahili kushika shuka. Heshima uliyonipa si yangu, nairudisha kabla haijanizoea.

Kwa habari ya ndoo nimefurahi. Hilo ni la kweli.

Mimi,
Dobi wa wodi ya watoto


Jumatano, tarehe 12 Machi

Mama,

Barua yako niliisoma jikoni nimeshika mwiko. Sijui mwiko ulianguka saa ngapi. Nilisikia tu mume wangu anauliza, "Kuna msiba?" Nikampa asome. Akacheka, mama! Akasema, "Mke wangu, kumbe umeokoka kwa mashuka!" Kisha akaniona uso, akaufunga mdomo, akamchukua mtoto akatoka naye nje.

Nimekaa siku nne kama mtu aliyemwagiwa maji. Mwaka mzima nimekuwa nikisema, siku ile Njiti alipoacha kupumua manesi wakamkimbilia, kulikuwa na mtu ametoka kuniombea dakika chache tu kabla. Kumbe alikuwa amefika kumi na nane! Sasa mimi niliamini nini? Nilimfumbia nani macho?

Nilikwenda kwa mchungaji. Siku za kazi ni seremala, nikamkuta anapiga randa mlango. Nikamwambia futa jina langu kwenye orodha ya ubatizo, mimi nimejengea hewani. Akaendelea kupiga randa kidogo, akasema, "Nitalifuta la wino, nitaliandika la penseli." Nikamwambia mchungaji, mimi sitanii. Akasema na yeye hatanii, ndiyo maana penseli iko sikioni.

Mama mkwe naye amejua. Nilidhani atafurahi kwamba nafasi imerudi kwake. Alilitazama shuka lake pale mezani, akalifunika na gazeti lisipate vumbi.

Lakini mama, hasira ilipopoa kidogo, vitu viwili vilianza kunisumbua. Usinione mkorofi, mimi sikusoma sana ila nina macho. Cha kwanza, dirisha la namba tisa linapata jua alasiri, na wewe ulipita asubuhi, taa bado zinawaka. Tena ulikuwa umefumba macho. Huo mwanga mkali ulitoka wapi?

Cha pili. Kila siku, ukishamaliza duru yako, ulirudi na shuka moja limekunjwa, moto kabisa kutoka kwenye pasi, ukalipenyeza mgongoni kwa Njiti bila kusema neno. Niliwauliza wenzangu vitandani. Namba nane hakuletewa. Namba kumi hakuletewa. Hilo nalo lilikuwa la hesabu?

Niambie ukweli. Huu uliopo umeshanivunja, hata ukiongeza mwingine siwezi kuvunjika zaidi.

Mama Njiti


Ijumaa, tarehe 14 Machi

Mwanangu,

Umenikamata. Miaka kumi na moja hakuna aliyeniuliza habari za lile dirisha, sikujua kwamba kuna mtu analala pale anatazama jua linatokea wapi.

Kitanda kile nililala mimi. Nilikuwa na msichana, aliyezaliwa kwa miezi saba kama wako. Alikaa siku kumi na tisa. Wakati huo nilikuwa mtu wa kanisa kweli kweli, mtu wa kuongoza maombi, na sikuomba kimya. Niliomba kwa sauti mpaka wodi nzima ilinifahamu. Watu wa kanisani kwetu walikuja wakazunguka kitanda. Siku ya kumi na tisa, asubuhi, nesi alinipa shuka la kumfunikia. Lilikuwa halijakauka vizuri. Lilikuwa la baridi, mwanangu, na yeye alikuwa amelala kifuani kwangu, nikalisikia likimgusa. Saa tano alikuwa hayupo.

Sisemi ni shuka lililomwua. Daktari alinieleza mapafu, nikaelewa. Lakini mikono yangu haikuelewa. Nilipoona wanatafuta mtu wa chumba cha kufulia nikaomba kazi, na tangu siku ile hakuna mtoto wa namba tisa aliyefunikwa shuka la baridi zamu yangu. La pasi, moto, naliiba kwenye mzigo wa wodi ya wazazi. Ndiyo, naiba. Ndiyo maana hesabu yangu haitimii, nasimamishwa mlangoni, nasema nimepotea namba.

Na kweli napotea. Nikiweka mkono kwenye chuma kile, namba zinatoka zote. Inabaki kumi na tisa tu. Naanza upya, naishia pale pale. Wewe uliona mtu anaomba mara mbili.

Baada ya mazishi, dada mmoja wa kanisani, tena kwa upole, alinishika bega akaniambia labda maombi yangu yalipungukiwa kitu. Nilikwenda nyumbani nikayatafuta hayo yaliyopungua, sikuyaona. Nikaapa sitafungua mdomo tena kuomba.

Siku ulipotoka na mtoto wako mzima, ulinitafuta uniage. Nilikuwa nyuma ya mashine ya kukausha. Nilijificha. Nilifurahi mpaka nikaogopa furaha yangu, na nilikuonea wivu pia, niliandike hilo nalo, mradi tumeanza ukweli.

Sasa unajua kwa nini siwezi kuja. Usifutwe kwenye orodha kwa ajili yangu. Mimi si mtu wa kumjengea mtu imani, wala wa kumbomolea.

Dobi


Jumatano, tarehe 19 Machi

Mama yangu,

Nimeisoma nimesimama, nikashindwa kukaa, nikashindwa kutembea. Nilimchukua Njiti aliyekuwa anacheza na mfuniko wake wa sufuria, nikamkumbatia mpaka akanipiga kofi.

Siku arobaini na moja nilikuwa nimelala juu ya msiba wako, na wewe ukanipasia shuka.

Nilimsomea mama mkwe. Nisamehe, sikukuomba ruhusa. Unajua ni mtu wa maneno, hata mkate ukiungua anautolea hotuba. Safari hii alisema tu, "Hayo maneno ya maombi kupungua, mimi nimewahi kuwaambia watu wawili." Akakaa. "Mmoja simkumbuki. Mwingine uso wake ninao."

Nilirudi kwa mchungaji. Nikamwambia jina langu lirudishe la wino, nitaingia majini. Akauliza, "Nani atakupokea?" Nikasema dobi, na nitasema wazi kwamba alikuwa anahesabu mashuka. Randa ikasimama. Akasema watu watashangaa. Nikamwambia mimi nilishashangaa kuliko wao wote, na bado niko hapa.

Sikulazimishi, mama. Nitakutaja, ila sitakuita kwa nguvu. Shuka la mama mkwe litakuwepo lisije likakosekana la kunifunika. Amesema hataligusa mpaka ahakikishe kwamba hukuja. Kanisa ni lile jengo la bati jekundu karibu na kituo cha mwisho cha basi. Ibada inaanza saa tatu.

Mwanao,
Mama Njiti


Jumatano, tarehe 26 Machi

Mwanangu,

Nakuandikia yale ambayo hukuyaona kwa sababu ulikuwa majini.

Sikupanga kuja. Jumapili niliamka, nikawasha pasi nyumbani kwangu, nikajikuta napiga pasi shuka langu mwenyewe, si la hospitali, hilo nataka ulijue. Nikaliweka kifuani ndani ya sweta, kama ulivyombeba Njiti, lisipoe. Nikapanda basi la kwanza. Nilipofika nikashindwa kuvuka mlango. Nikasimama nje, dirishani.

Nikakusikia unasema. Nikamsikia na yule aliyecheka uliposema mashuka. Kisha ukasema habari ya pasi na binti yangu. Miaka kumi na moja hakuna aliyemtaja binti yangu mbele ya watu.

Mama mkwe wako aliniona. Alitoka kwenye mstari wa kwaya wimbo ukiendelea, akaja mpaka dirishani akatazama kifua changu kilivyovimba. "Ni wewe?" Nikasema ni mimi. Akafungua mdomo, nikajua anatafuta neno zito, likamkataa. Akasema, "Basi fanya haraka, huyo mtoto kule majini anapata baridi." Akanivuta kwa mkono. Mwanangu, hukusema uongo kuhusu ule mkono! Njiani akaninong'oneza kwamba shuka lake limepigwa pasi vizuri kuliko langu. Hilo ni uongo mtupu, na mimi ni mtu wa kazi hiyo, lakini nilimwacha nalo.

Mengine unayajua. Ulitetemeka, nikakufunika, ukasema, "Lina joto."

Usimwambie mama mkwe wako kwamba nimerudi kanisani, ataniletea sare ya kwaya. Sijasema nimerudi. Nimekuja kukupokea wewe.

Sasa sikiliza kilichonikuta. Jumatatu namba tisa kuna mama mpya, msichana tu, na mtoto mwembamba kuliko Njiti. Daktari amesema watakaa wiki nyingi. Nimefika na toroli, nimeweka mkono kwenye chuma, nimefumba macho. Nilipofumbua, naye alikuwa amefumba yake. Akasema Amina. Nilishtuka nusura niangushe kapu. Jana vile vile. Leo akanishika glovu hivyo hivyo na maji yake, akasema, "Mama, kesho omba kwa sauti na mimi nisikie."

Nilikwama. Kumwambia ni mashuka, siwezi, nimeona barua yangu ilivyokufanya. Maneno yangu ya zamani yote niliyatumia kitanda hicho hicho, na najua yaliishia wapi. Siwezi kumpa hayo. Nimemdanganya kwamba sauti imenikauka, anisubiri mpaka wiki ijayo.

Niandikie yale uliyokuwa ukiomba wewe wakati mimi nahesabu. Yako yalifika. Andika kwa herufi kubwa, nitayabandika ndani ya kifuniko cha toroli nisome.

Mama wa Mashuka


Jumatano, tarehe 2 Aprili

Mama yangu,

Kuna kitu sikukuambia tangu barua ya kwanza, na kanisani pia sikukisema, kwa aibu.

Hayapo. Sikuwa na maneno. Siku nilipolazwa nilikuwa sijui hata mtu anaanzaje. Nilifumba macho kwa sababu wewe ulifumba, nikawa nachungulia midomo yako na mimi nachezesha yangu, bila kitu ndani. Nilichokijua ni Amina tu, na hiyo niliipata kwa mama mkwe. Siku arobaini na moja, mama, sikusema hata neno moja lingine.

Kwa hiyo usiniambie yangu yalifika. Wewe ulisema yote, kwa sauti, siku kumi na tisa. Mimi sikusema lolote, na mwanangu sasa hivi anavuta pindo la gauni langu. Basi yule dada aliyekuambia kwamba yako yalipungua, alikosea. Hayakupungua kitu. Kwa nini wako aliondoka na wangu akabaki, sijui. Nimemuuliza mchungaji, na yeye akasema hajui, akaiweka randa chini kabisa. Lakini si kwa maneno, mama. Hilo nalijua kuliko mtu yeyote, maana sikuwa nayo.

Siku hizi ninayo mengi, ya kanisani, mazuri, ningeweza kukujazia kifuniko kizima. Sikutumii. Siyo hayo yaliyonishika pale.

Kesho mume wangu akishampa mlinzi barua hii, nenda kwa yule msichana. Mpelekee kwanza shuka la moto. Halafu weka mkono kwenye chuma ukahesabu kama kawaida yako, na akitaka sauti, hesabu kwa sauti. Ukifika kumi na tisa, usiikimbie. Iseme, umwambie ni ya nani.

Ukipotea, anza upya. Mimi huku nimefumba macho, nasubiri umalize niseme Amina.

Mwanao,
Mama Njiti